Picha ya Ukutani na Maneno ya Nyumbani: Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu na Ukumbusho Wetu

Maneno yaliyosemwa Kolwezi mbele ya familia zilizohamishwa, wakuu wa kartie na viongozi wa dini



Tumeombwa tuzungumze juu ya amani na ukumbusho. Tumekwisha kusikia semina nyingi juu ya mambo hayo, na wengi wenu mnayajua maneno yake kwa moyo. Kwa hiyo leo tungependa tupite njia nyingine. Tutazungumza habari za mtu mmoja, mchoraji wa picha, aliyeishi kati ya watu kama sisi, akazungumza Kiswahili kama chetu, na akafanya kazi ambayo mpaka sasa inaweza kutusaidia.

Jina lake ni Tshibumba Kanda Matulu. Alizaliwa mwaka 1947 katika mji wa Elisabethville, ambao leo tunauita Lubumbashi. Ukoo wake ulitoka Kasai. Yeye alikulia Katanga, akafanya kazi Katanga, na picha zake akaziuza katika miji ya migodi na reli, ikiwa ni pamoja na Kolwezi hii. Hakuwa mtu wa serikali wala mtu wa kampuni. Alikuwa mtu wa brashi na rangi, mwenye watoto wa kulisha.

PICHA YA SEBULENI

Wazee waliopo hapa wanakumbuka nyumba za miaka ya 1970 katika kambi za wafanyakazi na katika vitongoji. Ukiingia sebuleni unakuta viti, meza yenye kitambaa, radio kama mshahara umeruhusu, na ukutani picha moja au mbili za rangi. Wachoraji walipita mlango kwa mlango. Walinunua gunia la unga, wakalisafisha, wakalitandika juu ya fremu ya mbao, wakalipaka rangi nyeupe, kisha wakachora. Picha iliuzwa kwa bei ambayo mfanyakazi aliweza kuilipa. Mzungu hakuwa mteja mkubwa. Mteja alikuwa jirani.

Wateja walikuwa na picha walizozipenda. Wengine walitaka mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki anayeleta utajiri na kutoza bei yake. Wengine walitaka kijiji cha mababu kando ya mto. Na wengi walitaka ile iliyoitwa Colonie belge. Mnaijua: uwanja wa gereza, bendera ya Ubelgiji, mtawala wa kizungu anasimama akitazama, na mfungwa amelala chini akipigwa kiboko na askari mweusi kama yeye.

Tujiulize: kwa nini mtu aliyetoka kazini amechoka atundike ukutani picha ya mtu anayepigwa? Wenyewe walikuwa na jibu la neno moja. Walisema picha hiyo ni ukumbusho. Mgeni akiingia, anaiona, anauliza. Baba anaanza kueleza, mama anamsahihisha, babu anaongeza lake, na watoto wanasikia. Picha ilikuwa mlango wa mazungumzo. Ilifanya watu wayaseme kwa utulivu, wakiwa wamekaa, mambo ambayo yasingesemwa siku ya hasira.

Tunaomba viongozi walishike jambo hili moja, kwa sababu yote mengine yanatoka hapo. Uchungu ulionyamaziwa haufi. Unakaa ndani ya nyumba, unawangoja watoto. Uchungu uliopata mahali pa kusemwa, mbele ya watu wanaosikiliza, unaweza kugeuka kuwa fundisho.

MCHORAJI ALIYEJIITA MWANAHISTORIA

Mwishoni mwa mwaka 1973 Tshibumba alikutana na mwalimu mmoja Mjerumani, Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu Lubumbashi. Fabian alizaliwa mwaka 1937 katika mji wa Glogau. Wakati huo mji ulikuwa wa Ujerumani. Baada ya vita kuu, mwaka 1945, ukawa wa Poland, na wakaaji wake Wajerumani wakaondolewa. Tunalitaja hili ili tusifikiri kwamba kuhamishwa ni laana iliyoandikiwa Kongo peke yake.

Fabian hakuwa mgeni wa Katanga. Miaka ya 1966 na 1967 alikuwa amekwisha kuja kujifunza habari za Jamaa, ule mwendo wa Wakatoliki uliotokana na mafundisho ya padri Placide Tempels. Wazee wa Kolwezi hawahitaji kuelezwa Jamaa ni nini. Kwa njia hiyo Fabian alikuwa amejifunza Kiswahili cha huku, kile cha migodini na sokoni.

Tshibumba alimletea picha za kuuza, na katika mazungumzo akamweleza haja yake kubwa. Alitaka kuchora historia yote ya nchi, tangu mababu mpaka siku zile, na hata siku zijazo. Wateja wa kawaida waliagiza picha ileile mara nyingi, nayo haikumtosha. Fabian akakubali kuzinunua zote. Kati ya 1973 na 1974 Tshibumba akachora mfululizo wa picha 101. Alizileta kwa mafungu. Walizitandaza, wakawasha kinasa sauti, na Tshibumba akaeleza kila moja kwa Kiswahili. Mwalimu akauliza, mchoraji akajibu. Mara nyingine walibishana.

Mtu huyu hakuwa na diploma ya historia, lakini alijiita mwanahistoria. Hakujidanganya. Aliwasikiliza wazee, alisoma alichoweza kukipata, alisikiliza radio, aliona kwa macho yake, kisha akawaza. Wataalamu waliochunguza kazi yake wanasema kwamba si kila tarehe aliyoiandika ni sahihi. Ni kweli. Lakini alisema kitu ambacho vitabu vya shule vilikiacha: yale mambo yalionekanaje kwa mtu wa chini, yule ambaye fimbo ilimwangukia.

Tukumbuke pia wakati wenyewe. Nchi ilikuwa Zaire ya Mobutu, chama kilikuwa kimoja, na Katanga ilikuwa imebadilishwa jina kuwa Shaba. Kusema historia kwa sauti yako mwenyewe lilikuwa jambo la hatari. Mchoraji alipima maneno yake, lakini hakuyaacha.

YALIYOMO NDANI YA PICHA

Hatuwezi kuzieleza picha 101 katika saa moja. Tutachagua chache zinazotuhusu sisi wa Lualaba na Katanga.

Alimchora mfalme Msiri wa Bunkeya. Bunkeya iko hapa hapa katika jimbo letu la Lualaba. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa na watu wa msafara wa Kapteni Stairs, waliotumwa kuitwaa Katanga kwa ajili ya mfalme Leopold II. Tufikirie kidogo. Msiri mwenyewe alitoka mashariki, upande wa Unyamwezi, katika Tanzania ya leo. Alikuja kwa biashara ya shaba na pembe, akakaa, akawa mfalme. Msafara uliomuua ulitoka pwani, na wapagazi wake walisema Kiswahili. Basi anayetaka kupiga mstari na kusema, hawa ndio wenyeji wa kweli na wale ni wageni wa kweli, atapata kazi ngumu akiuanza mstari wake Bunkeya.

Aliwachora wafanyakazi wa Union Minière waliouawa. Mwezi Desemba 1941, wakati wa vita kuu, wafanyakazi weusi waligoma wakidai mshahara. Tarehe 9 Desemba walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, na askari wakawapiga risasi. Léonard Mpoyi, aliyewasemea wenzake, aliuawa pale. Hesabu ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Katika uwanja ule hapakuulizwa nani ametoka Kasai, nani Lualaba, nani Lomami. Kampuni iliwaleta watu kutoka kila upande kwa sababu ilihitaji mikono, na risasi hazikuchagua kabila.

Alimchora Simon Kimbangu, aliyekamatwa mwaka 1921 na kufia gerezani Elisabethville mwaka 1951, baada ya miaka 30 ya kifungo. Alichora uhuru wa tarehe 30 Juni 1960, na kujitenga kwa Katanga kulikotangazwa siku 11 tu baada yake. Alimchora Patrice Lumumba mara nyingi, zaidi pengine kuliko mtu mwingine yeyote. Kifo chake cha tarehe 17 Januari 1961, pamoja na Mpolo na Okito, kilichotokea hapa Katanga, Tshibumba alikionyesha kama Kalvari, na misalaba mitatu kwa mbali. Wakristo walioiona hawakuhitaji maelezo marefu.

Mwangalieni sasa mchoraji huyu. Yeye ni mtu wa ukoo wa Kasai anayekaa Katanga. Wakati wa kujitenga alikuwa kijana, na watu wa Baluba kwa maelfu walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa kandokando ya Elisabethville, mwaka 1961. Angeweza kuchora picha za kulipiza kisasi. Angeweza kusema, tazameni ubaya wa kabila fulani. Yeye alichora vita vya Baluba na Lulua huko Kasai kwao, akachora pia kujitenga kwa Kasai ya Kusini, kwa brashi ileile aliyochorea kujitenga kwa Katanga. Kosa la ndugu zake halikufunikwa, na kosa la jirani halikuongezwa chumvi. Hapo ndipo tunapomwita mwalimu wa amani, ingawa yeye hakujiita hivyo.

YALIYOTUPATA BAADAYE

Tangu mwaka 1981 hivi, habari za Tshibumba zimekatika. Waliomtafuta hawakumpata. Familia nyingi hapa zinaelewa maana ya neno hilo, kupotea, bila kaburi wala barua. Kwa hiyo hakuyaona yaliyofuata, na hakuna aliyeyachora kwa mfululizo kama wake.

Mwezi Agosti 1992 fujo zilianza Likasi. Mwezi Machi 1993 zikafika Kolwezi. Majirani waliokuwa wamezaliwa hapa, waliofanya kazi na kuzika wazazi wao hapa, waliambiwa warudi kwao Kasai. Waliitwa bilulu, yaani wadudu. Malaki ya watu walifukuzwa. Walilala kwenye vituo vya reli wakingoja treni, wengine kwa wiki na miezi, na watoto na wazee wengi wakafa kwa magonjwa na njaa kabla treni haijafika au humo njiani. Waliobaki nyuma walipata nini? Nyumba zilizokuwa tupu zilijaa, lakini utajiri haukuja. Gécamines iliendelea kuanguka, mishahara ikakatika, na wote, waliofukuza na waliofukuzwa, wakawa maskini.

Kisha likaja jambo lingine. Shaba na kobalti zimepata thamani mpya kwa ajili ya betri za simu na za magari. Mwaka 2014 kobalti iligunduliwa chini ya nyumba za Kasulo, na watu wakaanza kuchimba ndani ya viwanja vyao, hata sakafuni. Mwaka 2017 familia kwa mamia ziliondolewa ili sehemu ya Kasulo iwe mgodi wenye ukuta. Mwaka 2023 Amnesty International pamoja na IBGDH, shirika la hapa hapa Kolwezi, walitoa ripoti juu ya watu wanaoondolewa makwao kwa ajili ya migodi. Ninyi hamkuhitaji ripoti hiyo ili mjue. Wengine wenu mmeacha mashamba yenu upande wa pili wa ukuta, na makaburi mnayaona kwa mbali tu.

Katika hali kama hiyo, adui wa karibu ndiye anayeonekana haraka. Kijana aliyekosa kazi anamwona kijana aliyeshuka kwenye treni jana na begi lake, na anasema: huyu ndiye aliyechukua nafasi yangu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Maneno ya 1992 hayajasahauliwa. Yamelala tu, na kuna watu wanaojua kuyaamsha, hasa uchaguzi unapokaribia.

TUNAWEZA KUFANYA NINI

Katika kazi yetu ya kutembelea maeneo ya waliohamishwa tumeona kwamba mtu akiulizwa, wewe ni kabila gani, mazungumzo yanafungwa. Akiulizwa, nyumba yako ilikaaje, anachukua kijiti na kuanza kuchora chini kwenye udongo. Hapa palikuwa mwembe. Hapa jiko la mama. Hapa njia ya kwenda kisimani. Jirani aliyetoka mahali pengine anachuchumaa kando yake, anauliza, naye anachora yake. Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne.

La kwanza: kila familia ichore mahali ilipotoka. Si lazima awepo fundi. Gunia likipatikana ni sawa, karatasi ya daftari ni sawa. Chora nyumba, shamba, miti ya matunda, kisima, kanisa, makaburi. Andika pembeni majina ya mahali na mwaka wa kuhama. Picha hiyo ni ukumbusho kwa watoto, na siku ya kudai fidia inaweza kuwasaidia wazazi kukumbuka kila kitu bila kusahau. Lakini haichukui nafasi ya hati. Karatasi za kiwanja na orodha za mali zitunzwe vizuri, na nakala iwekwe kwa mtu anayeaminiwa.

La pili: picha zisemwe, zisitundikwe tu. Tshibumba hakumwachia Fabian picha akaenda zake. Alikaa akaeleza, akaulizwa, akajibu. Kila kartie ichague siku, watu wakae, kila mmoja aeleze picha yake, na wengine wawe na ruhusa ya kuuliza. Kuuliza si ujinga, wala si matusi.

La tatu: anayesimulia atenganishe mambo matatu: haya niliyaona, haya niliyasikia, haya ninayawaza. Vita vingi vimeanza pale mtu aliposema niliyaona, kumbe aliyasikia. Kiongozi wa kikao awe na ujasiri wa kuuliza kwa upole: mama, hilo uliliona mwenyewe? Hatumnyang'anyi mtu uchungu wake kwa swali hilo. Tunauwekea msingi.

La nne: kabla ya kutundika picha mahali pa watu wote, tujiulize kama jirani wa upande mwingine anaweza kukaa chini yake. Hatusemi ubaya ufichwe. Picha ya kiboko ilionyesha kiboko. Lakini anayepiga achorwe kwa tendo lake, asichorwe kwa kabila lake. Waliokufa wapewe majina yao. Na pale watu wetu wenyewe walipofanya ubaya, tuwe na nguvu ya kuuchora pia, kama alivyofanya yeye.

UKUMBUSHO ULIOSAFIRI

Picha 101 za Tshibumba ziko Amsterdam, nchini Uholanzi, katika makumbusho yaliyoitwa Tropenmuseum na ambayo sasa yanaitwa Wereldmuseum. Mwaka 1996 Fabian alitoa kitabu kikubwa chenye picha hizo pamoja na maelezo ya mchoraji, kwa Kiingereza. Mwaka 2017 zilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya sanaa yanayoitwa documenta, yaliyofanyika mwaka huo Athens na Kassel. Watu wa Ulaya wamepanga mstari kuziona. Watoto wa Kolwezi wengi hawajawahi kusikia jina lake.

Hilo linauma. Shaba yetu imeondoka, kobalti inaondoka, na ukumbusho wetu nao umeondoka. Lakini tusiseme kwa hasira tu. Zingebaki hapa, katika nyumba zilizovunjwa na kuporwa, pengine leo zisingekuwepo. Na sauti yake haikupotea: mazungumzo yale ya Kiswahili yameandikwa na kuwekwa kwenye intaneti, na mwanafunzi mwenye simu anaweza kuyasoma bila kulipa. Walimu wetu wayatafute. Shule zetu zina haki ya kumjua.

Pia kazi yenyewe haikukatika. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alichukua picha za kamera za wafanyakazi wa zamani akaziweka juu ya picha za mitambo iliyokufa ya Gécamines. Kazi hiyo ya mwaka 2006 aliiita Mémoire, yaani kumbukumbu. Kwa njia nyingine, swali ni lile la Tshibumba: nani alijenga utajiri huu, na yuko wapi leo?

Ndugu zetu, amani haitangojea mpaka migodi iwe na haki au serikali iwe na fedha. Haki hizo tutaendelea kuzidai, kwa karatasi, kwa mahakama na kwa sauti. Lakini ipo sehemu ya kazi iliyo mikononi mwetu leo, na bei yake ni gunia tupu la unga na rangi kidogo. Wakuu wa kartie, tunawaomba mtupe siku mbili katika mwezi huu ili tuanze. Wamama, leteni watoto. Wazee, msife na maneno yenu ndani. Sisi tutaleta rangi na brashi, na tutakaa nanyi chini kusikiliza.